Sostenes Bujiku na Ule Mlio wa Jumapili

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wakwe zetu mliosafiri kutoka Katoro, majirani wa mtaa huu wa Kahama, wenzake wa reli na wa mgodini, wanakwaya, nanyi nyote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu, familia imenituma mimi Luka, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza niseme kwamba maelezo haya aliyapitia mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa nyingi tulizompa, na mahali pamoja ambapo sisi tulikuwa tumepapita kimyakimya kwa kuona haya, yeye akaagiza pasomwe pote, kwa kipaza sauti, mbele ya kanisa hilihili.

Marehemu Sostenes Bujiku, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Eliya, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Mwasubuya, nje ya mji wa Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Bujiku na marehemu mama yetu Mbuke, waliokuwa wakulima wa pamba na wafugaji. Alilelewa kama watoto wote wa Kisukuma wa wakati ule, yaani nyuma ya ng'ombe, ila mchungaji yule hakuwa wa kutegemewa, kwa sababu alipoona waya umeanguka njiani aliuokota na kuufuata mpaka mwisho wake ulipo, na ng'ombe nao wakafuata mahindi ya watu. Redio ya baba aliifungua na kuifunga tena akiwa na miaka tisa, skrubu mbili zikabaki mkononi, akazitupa kisimani, na redio ikaimba vilevile, jambo lililomponya na fimbo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga hadi mwaka 1977, kisha akapelekwa chuo cha ufundi Dar es Salaam, alikohitimu mafunzo ya redio na mawasiliano mwaka 1980. Mwaka 1981 aliajiriwa na reli, akafanya kazi Tabora na baadaye Isaka, akihakikisha stesheni zinasikilizana, na mwaka 1999 akahamia kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, alikotunza redio za upepo, zile za kuitana kati ya walio juu na walio chini ya ardhi, mpaka alipostaafu, tarehe 30 Juni 2016. Wenzake mliopo hapa mnamkumbuka kwa ubishi, kwa kahawa isiyo na sukari, na kwa tabia ya kugusa kila kiungio cha waya hata kama hakukuwa na aliyemwomba akiguse.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na Euphrasia, tuliye naye hapa mbele, ambaye mahari yake ilikuwa ng'ombe ambao marehemu hakuwahi kuacha kutamba kwamba walikuwa wanono, na Mungu akawajalia watoto watatu, Eliya, Justa na Rebeka. Eliya ni dereva wa malori yanayopakia mizigo Isaka kwenda Rwanda na Burundi, na tarehe 12 Agosti 2017 alimwoa Vumilia, binti wa mzee Onesmo wa Katoro, wakajaliwa mtoto wa kike, Limi, na kwa kuwa Eliya siku nyingi yuko barabarani, Vumilia aliishi na wakwe zake hapahapa Kahama, akiwa mkwe aliyepikia nyumba, na sauti yake mkaisikia ninyi wenyewe, maana ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya ya akina mama.

Alipostaafu, marehemu alijenga kwenye kiwanja kinachopakana na ukuta wa kanisa, akasema anataka uzee wake uwe karibu na Mungu, ingawa Euphrasia anasema alichokipenda ni kwamba kiwanja ni kirefu, kinatosha waya. Mwaka 2018 alipata leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo mtu hurusha sauti yake kwenda nchi za mbali kwa mapenzi tu, bila biashara wala mshahara, akasimamisha mlingoti wa bomba, akafunga waya mrefu kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye nguzo ya kona ya kanisa, kwa ruhusa ya mchungaji, na jioni akawa anaongea na watu wa Zambia, Italia na Japani, na habari zenyewe walizopeana, tulipokaa kusikiliza, zilikuwa ni mvua imenyesha au haikunyesha, na kila mmoja anatumia waya gani.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko maongezi ilikuwa ni kuipima antena yenyewe. Alitueleza mara nyingi, na nitaeleza kama alivyotaka tuelewe, kwamba nguvu inayotoka kwenye redio hupanda kwenye waya ili iondoke angani, antena ikiwa imekaa sawa nguvu yote huenda zake, ikiwa haikukaa sawa sehemu hurudi, na hiyo inayokwenda ikikutana na hiyo inayorudi hujenga mawimbi yaliyosimama palepale kwenye waya, ambayo hayamfikii mtu na mwishowe huunguza redio. Wataalamu wana jina refu la uwiano wa hiyo inayokwenda na hiyo inayorudi, yeye aliuita marudio, na marudio yakiwa namba moja, yaani hakuna kinachorudi, basi siku hiyo hata shikamoo za watoto aliziitikia mara mbili, yakifika tatu alinuna mpaka chakula cha jioni. Mwanzoni mwa mwaka 2021 alinunua redio inayoamrishwa na kompyuta, akaipangia kazi ipande masafa hatua kwa hatua, irushe mawimbi kidogo, ipime marudio, ishuke tena, na kompyuta ichore mstari, na alitaka michoro hiyo ya mwaka mzima kwa sababu udongo wetu wa hapa kiangazi hupasuka na wakati wa mvua hulowa, na antena huhisi yote hayo. Siku za kazi hazikumfaa, mashine za kukoboa mpunga za mtaa wetu huyumbisha umeme, hivyo akaichagua Jumapili saa nne asubuhi, mashine zote zimezimwa, mtaa umetulia, na yeye mwenyewe, kwa kuwa kompyuta haihitaji kushikwa mkono, amekaa zake kanisani benchi la pili.

Hapo ndipo penye jambo aliloagiza lisomwe.

Jumapili moja ya mwezi Juni 2021, baada ya matangazo, Vumilia aliposhika maiki kuanzisha wimbo, spika za kanisa zilitoa mlio mzito wa kukoroma, ukapanda, ukakata, ukaanza tena juu zaidi, kwa muda wa kutosha watoto kulia na akina mama kushuka kwenye jukwaa. Jumapili iliyofuata ukarudi, na ya tatu pia, kila mara Vumilia akiwa na maiki ileile ya waya mrefu inayofika katikati ya kwaya, na Jumapili ambayo alikuwa Katoro kwenye msiba wa shangazi yake mlio haukusikika kabisa. Siku hiyo umeme ulikatika mji mzima na kanisa likatumia jenereta, lakini hilo halikukumbukwa na mtu, kilichokumbukwa ni kwamba Vumilia hayupo na spika ziko kimya, na kwa kuwa baba yake ana maduara ya dhahabu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na wenye maduara husemwa mengi juu ya wanachokwenda kukitafuta kwa waganga, watu wakaanza kusema kwamba binti yule amekuja na kitu chake kutoka machimboni, na kitu hicho hakipendi madhabahu.

Sasa, fundi wa vyombo vya kanisa alikuwa nani, kama si Sostenes Bujiku. Wazee walimwita, akafungua amplifaya, akapima nyaya, akabadilisha maiki, akapanda darini, akashuka na vumbi, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kusema kitu ni kibovu wakati ni kizima, akasimama mbele ya baraza akatamka, "Mitambo ni mizima." Alisema ukweli mtupu, na ukweli huo ndio uliomfunga mkwe wake, kwa maana kama mitambo ni mizima, basi mgonjwa ni mtu. Hakuwaza kompyuta yake hata kidogo, kwake kurusha mawimbi ni mtu kukaa kitini na kuongea, na hayo ya kupimia ni madogo ambayo hayawezi hata kuwasha taa ya baiskeli, isitoshe yeye alikuwa kanisani pamoja na wengine, na ilipoitwa sala ya kukemea naye alinyoosha mikono na kukemea kwa sauti kuliko wote.

Vumilia aliwekewa mikono, akaombewa, akaombwa apumzike kwaya kwa muda, na ile maiki ya waya mrefu ikawekwa kabatini. Nyumbani hakuna aliyemtukana, lakini kila alipoinama kumbeba Limi alikuta wifi yake ameshambeba, na mboga alizopika zilianza kubaki sufuriani, na Eliya alikuwa Burundi, lori limekwama mpakani. Mwishoni mwa Septemba alifunga nguo zake na za mtoto, akapanda basi kwenda kwao, na marehemu akamsindikiza mpaka kituoni, akalitazama basi likiondoka bila kumwita, na baadaye alikiri kwamba moyoni alikuwa ameanza kuamini.

Jumapili iliyofuata ile maiki ilitolewa, na mlio ukasikika tena, safari hii mwenye maiki akiwa Hosiana, mke wa mwinjilisti, mama ambaye hata waliokosa la kusema wasingeweza kumsema. Baadhi yenu mkasema Vumilia amekiacha kikazagaa, lakini marehemu aliporudi nyumbani hakula, aliketi uani akiangalia ukuta wa kanisa, na alipoulizwa anawaza nini alijibu kwamba jini asiyechagua mtu anamtia mashaka.

Tarehe 17 Oktoba 2021 alibaki nyumbani kwa homa ya malaria, amelala chumba chenye redio, dirisha liko wazi. Saa nne kompyuta ikaamka yenyewe, redio ikaanza kugonga taratibu, tk, tk, ikipanda masafa, na kutoka upande wa pili wa ukuta, kwenye spika za kanisa, akausikia mlio unapanda pamoja na mstari wa kwenye kioo, hatua kwa hatua, hatua ileile. Aliibonyeza isimame, kanisa likanyamaza, akairuhusu, kanisa likakoroma, akaisimamisha tena, kisha akachomoa waya ukutani. Mliokuwepo mnakumbuka kilichofuata, mzee wa watu na shuka lake la homa na kandambili, akipita katikati ya ibada mpaka mbele, akamwomba Hosiana ile maiki, akasema, "Jini ni mimi. Liko mezani kwangu, nimelizima sasa hivi. Vumilia hana kitu, na wala hajawahi kuwa na kitu." Watu mlicheka, halafu kicheko kikaisha ghafla, kila mtu akakumbuka alichokuwa amekisema, na mchungaji, tunamshukuru kwa hilo, akawa wa kwanza kuomba radhi kwa jina la kanisa.

Kwa desturi yetu ugomvi wa ndoa hupelekwa na mshenga, na baba mkwe haendi mwenyewe kwenye boma la wakwe kumdai binti, hata awe amekosewa, sembuse awe mkosaji. Marehemu alikwenda mwenyewe. Homa ilipomtoka kidogo tu alipanda basi la Katoro na redio yake, kompyuta yake na waya kwenye mfuko wa salfeti, mimi nikiwa nyuma yake kumshika asianguke, tukafika kwa mzee Onesmo, akakataa kiti, akasema hatakaa mpaka aonyeshe. Tuliazima spika kwenye duka la jirani, akatandaza waya juu ya miti miwili, akaiamuru kompyuta ipime, spika ikawa kimya. Akarudia, kimya. Mzee Onesmo akamtazama, akauliza, "Mkwe, umetoka Kahama kuja kunisikilizisha spika isiyolia?" na hapo ndipo nilipomwona kaka yangu anatokwa jasho lisilo la malaria, kwa sababu asingeweza kumrudishia yule binti jina lake kwa maneno matupu, maneno yalikuwa yameshasemwa mengi.

Kisha akagundua kosa lake, nalo ni kosa la mtu kama yeye tu. Mikono yake ilikuwa imefunga ule waya vizuri, kwa urefu wake kamili, marudio yakiwa moja na nukta kidogo, nguvu yote inaondoka zake angani na hakuna inayorudi kuisumbua spika ya mtu, ilhali waya ule wa Kahama, kiangazi kilivyokausha ardhi na kiungio cha nguzo kilivyoshika kutu, ulikuwa unarudisha mawimbi mpaka kwenye nyaya za kanisa. Basi alichukua koleo, akaukata waya katikati, ncha akailaza juu ya bati la jikoni, waya wa redio akausokota pamoja na waya wa spika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafunga antena vibaya kwa makusudi, namba ikapanda mpaka pale ambapo yeye huzima na kuondoka. Spika ikanguruma. Kuku walikimbia, mama mkwe akaita jina la Yesu, na Vumilia aliyekuwa mlangoni akaweka chini ungo, akasema, "Ndio mlio uleule," akaketi palepale kizingitini akalia, na baba yake akaenda kumletea marehemu kiti.

Mazungumzo ya wazee hayakuchukua muda. Lakini Vumilia aliomba aongee, akasema mbele yetu sote, kwa heshima, "Baba, nimekusikia, na nimekusamehe kwa mlio. Kwamba uliponiona naondoka hukuniita, hilo sijui bado. Nitarudi nyumbani kwangu. Kuimba niachieni mwenyewe." Marehemu akajibu, "Sawa, Mama Limi," na hakulitaja tena.

Alirudi kweli, akaishi nasi kwa amani, akapata mtoto wa pili, Sostenes mdogo, na ibadani alikaa benchi la nyuma na kufumba mdomo kila kwaya iliposimama. Marehemu aling'oa mlingoti, akaupeleka shambani nje ya mji, mbali na spika za mtu yeyote, akaendelea kupima huko na kupeleka salamu zake Japani, lakini wote tulioishi naye tulijua kwamba kila Jumapili, wimbo wa akina mama ulipoanza, aligeuza shingo kidogo tu kutazama nyuma, halafu akarudisha macho mbele. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka minne, na ninyi wanakwaya mlimwomba Vumilia mara nyingi, akawajibu kwa upole kwamba bado.

Mwezi Mei 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na mkojo, akapimwa hapa Kahama na baadaye Mwanza, akagundulika kuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa ya mgongo. Alitibiwa kwa mwaka mzima, na kuanzia Juni 2025 hakuweza tena kutembea, akawa wa kugeuzwa na kuogeshwa, na pamoja na Euphrasia aliyemgeuza usiku na mchana alikuwa Vumilia, jambo ambalo kwa heshima ya mkwe marehemu alilikataa mwanzoni, mpaka Vumilia alipomwambia kwamba mgonjwa hana ukwe. Maumivu yalikuwa makali, hatutaficha, na zilikuwepo siku tulizomwomba Mungu amchukue.

Tarehe 7 Septemba 2025, Jumapili, Vumilia alimwogesha, akamvalisha shati safi, akamwambia Euphrasia afungue dirisha la upande wa kanisa, kisha akatoka. Marehemu alikuwa amelala macho yamefumba. Matangazo yakasomwa, yakaisha, spika zikakaa kimya kidogo, na sauti ikaanza, peke yake, bila kinanda, nasi hatukuhitaji kuambiwa ni ya nani. Euphrasia anasema marehemu alifumbua macho, akamshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua kama bado anazo, akasikiliza wimbo mpaka ubeti wa mwisho huku machozi yakiteremkia masikioni, na ulipokwisha alivuta pumzi ndefu, akasema, "Ahaa. Ameniita," akaomba uji, akanywa kikombe kizima. Aliporudi, Vumilia alichukua kikombe akaenda kukiosha.

Tangu siku hiyo marehemu aliacha kuogopa. Maumivu hayakupungua, lakini alikuwa akitania wauguzi, akanirekebisha mimi maelezo haya, akawagawia vijana wa Shinyanga redio na kompyuta yake, na alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, akiwa na miaka sitini na saba, alikata roho nyumbani kwake, taratibu, akiwa katikati ya Euphrasia na Vumilia, na ninaomba mnisamehe nikisema kwamba tulilia, halafu tukajikuta tumeshusha pumzi, maana mwili ule ulikuwa umechoka na moyo ule ulikuwa umekwisha kutua.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kahama na Mwanza kwa dawa na kwa lugha nzuri, majirani mliolala nasi uani, wenye mashine za kukoboa mpunga mliozima mashine zenu tangu Alhamisi bila kuombwa, wenzake wa reli na wa mgodini, marafiki zake wa redio wa nchi nyingine ambao salamu zao bado zinaingia kwenye simu ya Justa, mchungaji na kanisa zima. Mzee Onesmo, wewe na nyumba yako, tunawashukuru kwa kile kiti. Na wewe Vumilia, kaka yangu alitaka litamkwe hapa, kwa jina lako, ili mwenye kumbukumbu ya yale maneno asiondoke nayo leo, kwamba hukuwa na lolote, na kwamba kosa lilikuwa letu.

Alipomaliza kunipa maagizo nilimuuliza ni nani atakayeanzisha wimbo wa kaburini, akasema hilo si lake kuagiza. Nimemuuliza mwenyewe asubuhi hii, akaniambia nikimaliza kusoma nimpishe.

Basi, Baba Eliya, kaka yangu, umeitwa na umesamehewa, pumzika sasa kwa amani. Mama Limi, maiki hii hapa.